Plastiki, mkaa au skrini: kipi kikupimie radoni nyumbani?

Chukulia vifaa viwili vya kupima radoni, gesi ya mionzi itokayo ardhini, vimewekwa katika chumba kimoja cha kulala. Kimoja ni kikopo cha mkaa kilichoachwa humo siku 3. Kingine ni kidude cha plastiki kilichokaa miezi 3. Majibu yanarudi: mkaa unasema bekereli 60, plastiki inasema 210 (kizio hicho nitakieleza hapa chini). Mwenye nyumba anahisi kimojawapo ni kibovu. Huenda hakuna kibovu hata kimoja. Mkaa umeulizwa hewa ilikuwaje siku zile 3, plastiki imeulizwa imekuwaje msimu mzima, na kila kimoja kimejibu swali lake.

Ndiyo maana sipendi ulinganisho wa vipima radoni unaoanza kwa kuuliza kipi ni bora. Anza na muda ulio nao na uamuzi unaotaka kuufanya. Ukishajua hayo, kifaa kitajichagua chenyewe.

Kinachopimwa

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Huzaliwa na radiamu, nayo radiamu hutokana na urani iliyomo kidogokidogo karibu katika kila udongo na mwamba. Ikitokea uwanjani hupotea hewani. Wastani wa nje huwa kati ya bekereli 5 na 15 kwa mita ya ujazo. Ndani ya nyumba mambo hubadilika. Hupenya kwenye nyufa za sakafu, kandokando ya mabomba na pale ukuta unapokutana na sakafu, kisha inajikusanya. Nusu yake huoza, yaani atomi zake hugeuka kuwa za kitu kingine huku zikitoa mionzi, kila baada ya siku 3.8, na hizo ni siku za kutosha kabisa kwa gesi kutoka ardhini hadi kwenye mto wa kulalia kitandani mwako.

Bekereli moja maana yake ni atomi moja inayooza kila sekunde. Kila nitakapotaja bekereli hapa, ni kwa mita ya ujazo. Vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia pikokyuri kwa lita, na pikokyuri 1 kwa lita ni sawa na bekereli 37. Kwa hiyo "4" ya kizio hicho ni 148 ya kizio kingine. Mtu akiona 4 kwenye skrini akashangilia kwamba nyumba yake ni safi kama uwanja wa mpira, mwulize kwanza kizio.

Gesi yenyewe tunaivuta na kuitoa. Wanaoleta balaa ni vizalia vyake, hasa poloniamu, ambavyo si gesi tena bali chembe ngumu zinazonasa kwenye vumbi na kwenye kuta za njia ya hewa, kisha zikarusha miale ya alfa palepale. Tangu 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka radoni katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Tafiti za Ulaya zilizounganishwa na kuchapishwa mwaka 2005 zilionyesha kwamba hatari ya saratani ya mapafu hupanda kwa takriban asilimia 16 kwa kila bekereli 100 zinazoongezeka katika wastani wa muda mrefu. Kwa mvutaji sigara mzigo ni mzito zaidi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hatari yake kutokana na radoni ni mara 25 ya asiyevuta.

Yashike maneno hayo, "wastani wa muda mrefu". Ndiyo yanayoamua karibu kila kitu hapa chini.

Hewa ya nyumba haitulii

Kiwango cha radoni katika chumba kimoja kinaweza kupanda mara mbili au tatu kati ya mchana na usiku. Milango ikifungwa na watu wakilala, gesi inajikusanya. Madirisha yakifunguliwa asubuhi, inashuka. Mgandamizo wa hewa ukishuka kabla ya dhoruba, gesi iliyomo udongoni hupata mwanya wa kupanda. Upepo nao una vituko vyake. Na mahali penye msimu wa baridi kali, hewa ya ndani iliyopashwa moto hupanda na kutokea sehemu za juu za nyumba, halafu nafasi yake inajazwa na hewa inayovutwa kutoka chini. Nyumba nzima inakuwa kama bomba la moshi, na mdomo wake wa chini umetumbukizwa ardhini.

Kupima siku 2 au 3, basi, ni kama kumjua mtu kwa siku aliyokuja kukutembelea. Unaweza kubahatisha, lakini hujaishi naye.

Mkaa: jibu la wiki hii

Kikopo cha mkaa maalumu, uliotengenezwa uwe na vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho, ndicho kipimo cha haraka kilichozoeleka. Unafungua kifuniko, unakiacha siku 2 hadi 7 kulingana na aina, unafunga, unakituma maabara. Radoni iliyonaswa inaendelea kuoza mlemle, na maabara inahesabu miale ya gama inayotoka kwa vizalia vyake, au inaitoa kwa kimiminika kinachong'aa kila chembe inapoozea ndani yake.

Udhaifu wa mkaa una sehemu tatu, na watu wengi huusikia mmoja tu. Unaojulikana ni unyevu: mvuke wa maji unagombania nafasi na radoni ndani ya mkaa, ndiyo maana maabara nyingi hupima uzito wa kikopo kujua kimenywa maji kiasi gani. Wa pili ni kwamba mkaa hautoi wastani wa kweli wa siku zote ulizouacha. Radoni huingia na kutoka, na iliyoingia mwanzo inakuwa imeshaoza sehemu, kwa hiyo saa za mwisho zina sauti kubwa kuliko za mwanzo. Ukifungua madirisha siku ya mwisho, umefuta sehemu ya ushahidi. Wa tatu ni posta. Kikopo kikikaa njiani wiki nzima, radoni iliyobaki ndani ni zaidi kidogo ya robo ya ile uliyofungia. Maabara hufanya hesabu ya kurudisha nyuma, lakini kadiri kinachohesabiwa kinavyopungua ndivyo shaka inavyoongezeka. Kitume siku uliyokifunga.

Kuna na sharti la nyumba kufungwa: madirisha na milango ya nje ifungwe kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na muda wote wa kupima, isipokuwa kuingia na kutoka kwa kawaida. Lengo ni kupata hali mbaya kuliko ya kawaida, ili kipimo kifupi kikikuambia uko salama, maneno yake yawe na uzito. Familia yenye watoto watano na mbwa ijiulize kwa unyoofu kama sharti hilo litawezekana.

Plastiki: jibu la msimu

Hiki ndicho ninachokipenda, na sitajifanya sina upande. Ndani ya kikasha kidogo kuna kipande cha plastiki ngumu, mara nyingi ile iitwayo CR-39, ambayo ni plastiki ileile ya lenzi za miwani. Hewa inapenya polepole kwenye kikasha, vumbi na vizalia vya nje vikizuiwa mlangoni. Kila chembe ya alfa inayoigonga plastiki inaacha kovu lisiloonekana. Baada ya miezi 3 hadi mwaka mzima unakirudisha. Maabara inaitumbukiza plastiki katika kemikali kali ya moto, makovu yanapanuka kuwa vishimo, na vishimo vinahesabiwa kwa hadubini. Vishimo vingi, radoni nyingi.

Hakitumii umeme, hakitoi sauti wala mwanga, na hakibabaishwi na unyevu kama mkaa. Makovu hayafutiki, kwa hiyo kuchelewa posta hakupotezi ushahidi. Zaidi ya yote, maisha yanaendelea kama kawaida: fungua dirisha ukipenda, pika, lala. Kinachopimwa ni hewa unayoivuta kweli.

Matatizo yake ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya kifizikia. Watu wanakisahau nyuma ya vitabu. Wanaandika tarehe kwa kukisia, wakati hesabu nzima inagawanywa kwa idadi ya siku. Ukiandika siku 90 kumbe ni 120, umejipa radoni ya theluthi moja zaidi. Wengine hukitoa kwenye pakiti yake wiki mbili kabla ya kukiweka, nacho kinaanza kurekodi kikiwa mezani, ofisini au popote kilipo. Na jibu lake ni namba moja tu. Halikuambii usiku ni mbaya kuliko mchana, wala kama feni uliyoiwasha mwezi wa pili ilisaidia.

Skrini: jibu la kila saa, kwa masharti

Vipima vya kidijitali vya nyumbani vinavutia, na naelewa kwa nini. Unakiweka, namba inatokea, simu inachora mchoro. Wengi wanaanzia hapa. Kabla ya kukiamini, elewa kinachotokea ndani yake.

Chukua chemba, yaani kijumba hewa inamoingia ndani ya kifaa, ya mililita 50 katika chumba chenye bekereli 100. Humo zinaoza takriban atomi 18 za radoni kwa saa. Vizalia vinaongeza miale yao, lakini diodi ya silikoni iliyomo, yaani kipande cha elektroniki kinachohisi miale, haioni kila mwale. Sema inaona sehemu ndogo, matukio machache kwa saa. Sasa kanuni ya kuhesabu vitu vinavyotokea kwa nasibu inasema: ukihesabu 4, shaka yako ni kama 2 juu au chini, yaani nusu nzima ya jibu. Ukihesabu 100, shaka ni 10, yaani sehemu moja ya kumi. Hakuna ujanja wa programu unaoweza kulikwepa hilo. Kinachosaidia ni chemba kubwa zaidi au subira zaidi.

Kwa hiyo namba ya saa ya kwanza ni kelele tupu. Ya siku ya kwanza ni dokezo. Ya wiki inaanza kuwa habari, na ya miezi ndiyo unayoweza kuilinganisha na plastiki. Mimi mwenyewe nimewahi kuamka usiku kwenda kukichungulia, nikakuta kimepanda kutoka 70 hadi 190, nikafungua dirisha na kukaa macho bure. Asubuhi wastani wa wiki ulikuwa haujasogea hata kidogo. Siku hizi naficha namba ya saa na kubakiza ya siku 7.

Lakini kina jambo ambalo mkaa na plastiki havina: kinaonyesha mwendo. Ukitaka kujua kama kuziba ufa kumesaidia, kama chumba cha mtoto ni kibaya kuliko sebule, kama radoni inapanda kila feni ya kutoa hewa inapowashwa (hutokea, kwa sababu feni hiyo inaweza kuvuta hewa kutoka chini ya sakafu), skrini haina mpinzani. Na kinatumika miaka, nyumba baada ya nyumba.

Shida ni kwamba kinaweza kupotoka polepole bila kukuambia. Dawa nzuri ni kukiweka bega kwa bega na plastiki ya maabara kwa miezi 3, mara moja kila baada ya miaka kadhaa, na kulinganisha wastani wa kipindi kilekile. Vikipishana kidogo, endelea. Vikipishana sana, amini plastiki.

Tahadhari moja: simu peke yake haipimi radoni, programu yoyote utakayoipakua. Programu inasoma kifaa tu. Vivyo hivyo vipima ubora wa hewa vinavyoonyesha vumbi na kaboni dayoksaidi, na king'ora cha kaboni monoksaidi: havijui lolote kuhusu radoni mpaka iwe imeandikwa wazi kwamba vina kipimo chake.

Vya wataalamu, kwa ufupi

Mtaalamu akija nyumbani huenda akaleta kimoja kati ya viwili. Kuna diski ya tefloni iliyochajiwa umeme tuli, ambayo hupoteza volti kadiri miale inavyoivunjavunja hewa iliyo juu yake; inasomwa palepale bila kungoja maabara, ila mionzi ya gama ya kawaida ya mazingira nayo inaishusha, hivyo lazima itolewe kwenye hesabu, na ukiigusa kwa kidole umeiharibu. Na kuna mashine inayorekodi saa kwa saa, yenye chemba kubwa kuliko ya nyumbani, inayohakikiwa usahihi wake kila mara, na mara nyingi inajua ikiwa mtu ameisogeza. Hiyo ndiyo hutumika nyumba inapouzwa, kwa sababu muuzaji ana sababu zote za kufungua madirisha.

Kwa anayetaka kuvitazama kwa pamoja:

| | Mkaa | Plastiki | Skrini ya nyumbani | Mashine ya mtaalamu |
|---|---|---|---|---|
| Muda | siku 2–7 | miezi 3–12 | wiki kwenda mbele | saa 48 kwenda mbele |
| Maabara | ndiyo, haraka | ndiyo | hapana | hapana |
| Nyumba kufungwa | ndiyo | hapana | hapana | ndiyo, kwa kipimo kifupi |
| Kinachoivuruga | unyevu, posta | tarehe mbovu | papara, kupotoka | kuchezewa |
| Inaonyesha mwendo | hapana | hapana | ndiyo | ndiyo |

Basi uchague nini?

Ukiwa unaishi kwenye nyumba na huna mpango wa kuhama, chukua plastiki mbili, moja sebuleni na moja chumba cha kulala, ziache miezi 3 au zaidi. Penye majira yanayotofautiana sana, miezi ya baridi iwemo, au acha mwaka mzima. Sioni sababu ya kuanzia kwingine. Namba ya mtaa au ya jirani haitakusaidia: nyumba mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana sana kwa sababu ya ufa mmoja au aina ya msingi.

Ukiwa unanunua nyumba na una siku chache, mkaa au mashine ya mtaalamu ndivyo vinavyobaki. Jibu likiwa chini sana, au juu sana, linatosha. Likiwa katikati, ndipo panapochosha. Mwongozo wa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani una busara hapa: kipimo kifupi cha kwanza kikifika bekereli 148, pima tena, kwa kifupi au kwa kirefu, kikipita mara mbili ya hapo, usingoje miezi, pima tena kwa kifupi mara moja.

Na zipo nyumba ambazo kifaa chochote kingetosha. Desemba 1984, mhandisi Stanley Watras alikuwa akisababisha king'ora cha mionzi kilie katika kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, ambacho kilikuwa bado kinajengwa. Iligundulika kwamba alikuwa anatoka na mionzi hiyo nyumbani. Nyumba yake ilikuwa na takriban bekereli 100,000. Hapo hakuna anayejadili mkaa au plastiki, familia inaondoka.

Ukiwa umeshachukua hatua, kama kuweka bomba na feni inayonyonya hewa chini ya sakafu, skrini inapata kazi yake halisi: utaona ndani ya siku chache kama kiwango kimeanguka, na itakuarifu feni ikifa. Hata hivyo weka na plastiki, ili uwe na wastani wa kuandika.

Kuhusu mstari wa hatari, nchi hazijakubaliana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 kiwango cha 100, na pasipowezekana kisizidi 300. Umoja wa Ulaya umeweka 300 kama kikomo cha viwango ambavyo nchi wanachama zinajiwekea. Uingereza na Kanada huchukua hatua kwenye 200, Marekani kwenye 148. Hakuna ngazi ambapo hatari inakatika ghafla. Nikipata 120, ningeziba nyufa na kupima tena mwakani. Nikipata 280, ningemwita fundi hata kama sheria ya mahali haijanilazimisha.

Pa kukiweka

Kifaa kizuri kikiwekwa vibaya hakina thamani. Kiweke ghorofa ya chini kabisa ambayo watu wanakaa au kulala, angalau sentimita 50 juu ya sakafu na 30 kutoka ukuta wa nje, mbali na dirisha, jiko, kipasha joto na jua la moja kwa moja. Jikoni na bafuni hapafai, kwa sababu ya mvuke na feni. Kikiwa kabatini kitapima hewa ya kabati.

Kama maji yenu yanatoka kisimani, kumbuka radoni huyeyuka majini na hutoka mtu anapooga au kufua. Mchango wake kwa kawaida ni mdogo ukilinganisha na wa udongo, ila hewa ikirudi na namba kubwa na sakafu haina kosa, maji ndiyo yanayofuata kupimwa, na kipimo chake ni kingine kabisa: chupa iliyojazwa hadi juu bila kiputo cha hewa na kufungwa chini ya maji.

Kabla hujafungua pakiti ya plastiki, piga picha namba ya kifaa, tarehe na mahali ulipokiweka. Miezi 3 ni mingi kuliko unavyodhani, na maabara itakuuliza yote matatu.